Walioacha bluzi wakaingia progresivu: ni nini hasa kiliwasukuma?

#1 JaKondele_Besi (Kisumu)
Habari zenu. Napiga besi katika bendi ya hapa Kisumu. Nimekuwa nikisikiliza albamu za Jethro Tull, bendi ya Uingereza, kwa kufuata miaka yake, na kuna jambo linanikosesha usingizi.

This Was ya 1968 ni bluzi. Filimbi imo, lakini ukiiondoa inabaki bluzi ya mizani 12 ya bendi yoyote ya London wakati ule. Stand Up ya 1969 tayari ina kipande cha Bach, yule mtunzi wa kale wa Ujerumani. Kufika 1972 wanatoa Thick as a Brick, wimbo mmoja unaojaza santuri pande zote mbili, zaidi ya dakika 40. Miaka minne tu kutoka bluzi hadi progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zilizopangwa kama muziki wa okestra!

Msimamo wangu: mpiga gitaa aliondoka, basi. Mick Abrahams alikuwa mtu wa bluzi, akatoka mwisho wa 1968, akaingia Martin Barre, na mlango ukafunguka. Bendi hubadilika pale mtu mmoja anapobadilika. Nauliza kwa sababu katika bendi yetu wawili tunataka kuinyoosha benga, muziki wetu wa gitaa wa Waluo, ifike mbali zaidi, na wengine hawataki hata kusikia. Nyinyi mnaonaje? Kitu gani hasa huitoa bendi kwenye njia yake?

#2 Mwalimu_Kinanda (Nakuru)
JaKondele, umeanzia mkiani. Abrahams aliondoka kwa sababu Ian Anderson, kiongozi wa Tull, alishaanza kutunga nyimbo ambazo si bluzi. Badiliko lilikuwa ndani ya nyimbo kabla halijawa ndani ya bendi. Na huyo Barre naye alitoka kwenye bendi ya bluzi. Kama mtu ndiye anayeleta mtindo, Tull wangebaki pale pale.

Nafundisha muziki shule ya upili hapa Nakuru, na nitasema ninachokiamini. Bluzi kwa wale vijana ilikuwa ni kitu walichojifunza wakiwa wakubwa. Utotoni walikuwa na tenzi za kanisani, kwaya za shule na masomo ya piano. Mtazame Gary Brooker. Alikuwa na Paramounts, bendi iliyopiga nyimbo za Wamarekani weusi. 1967 yuko Procol Harum na A Whiter Shade of Pale, kinanda cha Hammond kinatembea kwa mwendo wa Bach. Mtazame Keith Emerson. 1967 The Nice wanamsindikiza P.P. Arnold, mwimbaji wa soul, na 1970 yuko na bendi ya ELP anapiga muziki wa Mussorgsky, mtunzi wa Urusi, mbele ya umati wa tamasha la Isle of Wight. Walirudi kwa walichonyonyeshwa.

#3 Sukuti_Damu (Kakamega)
Mwalimu, kwako kila njia hupita kanisani 😂. Na hao wapiga bluzi wa Chicago na Mississippi walilelewa wapi kama si kanisani? Mbona wao hawakutoka na wimbo wa dakika 40?

#4 Fundi_Spika (Nakuru)
Mnazungumza juu ya watu na mnasahau vyombo. Mimi ni fundi wa sauti, nafunga spika kwenye harusi na mikutano ya injili kuanzia Naivasha hadi Molo, na nimeona kwa macho bendi ikibadilika kwa kununua kinanda kipya tu.

Chukueni Moody Blues. Birmingham, 1964, bendi ya bluzi na soul. Go Now ikafika namba moja Uingereza Januari 1965. Baadaye wakaishiwa. Denny Laine akatoka, wakaja Justin Hayward na John Lodge. Lakini kilichowatoa pale ni Mellotron. Mike Pinder, mpiga kinanda wao, alikuwa amefanya kazi Streetly Electronics, waliokuwa wakiitengeneza. Kila kibao cha Mellotron kinavuta utepe wenye sauti iliyorekodiwa, fidla au kwaya, kwa muda wa sekunde kama 8 hivi, kisha utepe unarudi mwanzo. Sasa wewe una fidla nzima chini ya vidole vyako. Utapigaje Go Now tena? Mwishoni mwa 1967 wakatoa Days of Future Passed, siku nzima kutoka alfajiri hadi usiku ndani ya albamu moja.

Na kipimo cha santuri kimewapita nyote. Upande mmoja wa LP, santuri kubwa, unabeba dakika 20 na kidogo. Hesabuni urefu wa Close to the Edge ya bendi ya Yes (1972) au 2112 ya bendi ya Rush (1976). Kila moja inajaza upande mmoja. Watunzi walikata nguo kwa kitambaa walichopewa.

#5 Dada_Migosi (Kisumu)
Fundi, fidla za Days of Future Passed nyingi ni za okestra ya kweli iliyoongozwa na Peter Knight. Mellotron ipo, lakini usiipe sifa zote. Na albamu yenyewe ilitoka Deram, tawi ambalo Decca walilitumia kuonyesha stereo yao. Kuna mtu ofisini alitaka kuuza kitu. Hiyo nayo ni sababu, tena si ndogo.

#6 Fundi_Spika (Nakuru)
Okestra ilijaza nafasi kati ya nyimbo. Nyimbo zenyewe zimebebwa na Mellotron. Sikiliza tena kwa spika za masikioni.

#7 Mzee_wa_Santuri (Kisumu)
Dada Migosi ameshika penyewe. Fuateni pesa, wanangu. Nimekusanya santuri tangu ujana wangu, na mimi kwanza huangalia karatasi ya katikati kabla sijaweka sindano. Decca wakafungua Deram 1966. EMI wakafungua Harvest 1969. Philips wakafungua Vertigo mwaka huo huo. Kampuni kubwa zilianzisha lebo ndogo makusudi kwa muziki huu mrefu, kwa sababu zilishaona vijana wananunua LP badala ya sahani ndogo. Mwanamuziki wa bluzi aliyekuwa akilipwa kwa shoo za vilabu akaambiwa: ingia studio, chukua muda wako.

Albamu ya kwanza ya Vertigo ni ya nani? Valentyne Suite ya Colosseum, 1969. Na Colosseum ni nani? Jon Hiseman, Dick Heckstall-Smith na Tony Reeves, wote watatu wametoka kwa John Mayall, kwenye bendi yake ya Bluesbreakers iliyorekodi albamu ya Bare Wires, 1968. Kutoka darasa kuu la bluzi la Uingereza hadi utunzi unaojaza upande mzima wa santuri, na mwaka mmoja tu katikati.

#8 JaKondele_Besi (Kisumu)
Jaduong', asante. Colosseum nilikuwa siwajui, ndio wanapigwa hapa sasa hivi. Huyo wa saksafoni anapuliza mbili kwa pamoja?

#9 Mzee_wa_Santuri (Kisumu)
Ndiye Heckstall-Smith. Mbili kinywani, kama alivyofanya Roland Kirk, mpulizaji wa jazi. Na huyo Kirk ndiye yule ambaye Ian Anderson alipiga wimbo wake ndani ya This Was. Kwa hiyo hata ile albamu unayoiita bluzi tupu, jazi ilishaingia kwa dirisha la nyuma.

#10 Barabara_ya_Kericho (Nakuru)
Nimesoma kimya, sasa niseme.

Kwetu ni upande wa Kapkatet. 1950 Hugh Tracey alirekodi huko wimbo wa Kipsigis uitwao Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, yule Mmarekani wa Blue Yodel. Alikuwa amekufa tangu 1933 na hakukanyaga Kericho hata siku moja. Sauti yake ilifika kwa santuri na gramafoni. Wale waliomsikia hawakumwiga. Walimchukua, wakampa kinubi chetu, wakaimba mambo yao, na kikatoka kitu ambacho Rodgers mwenyewe asingekitambua.

Sasa tazameni vijana wa London. Nao bluzi iliwafikia kwa santuri zilizovuka bahari. Hawakulima pamba, hawakukaa kwenye vibanda vya Mississippi. Ukipokea muziki kwa sahani tu, bila watu wake, bila kazi zake na misiba yake, unapokea sauti iliyotengwa na maisha yake, na nafasi iliyobaki lazima uijaze na maisha yako. Kwa maoni yangu progresivu ndiyo hiyo nafasi iliyojazwa. Muddy Waters, nguli wa bluzi wa Chicago, hakuwa na pengo la kujaza, ndiyo sababu hakuhama.

#11 Mwalimu_Kinanda (Nakuru)
Nimeipenda sana hii. Lakini Rolling Stones je? Nao waliipata bluzi kwa santuri zile zile, tena za Chicago, na wamebaki nayo maisha yao yote. Tarehe 5 Julai 1969 Hyde Park, jukwaa moja, siku moja: bendi ya progresivu King Crimson wako miongoni mwa wa mwanzo, Rolling Stones wanafunga. Pengo ni lile lile. Mmoja kahama, mwingine kabaki. Kwa nini?

#12 Sukuti_Damu (Kakamega)
Hao Stones walijaribu 1967, ile albamu yao ya mambo ya nyota. Wakarudi mbio nyumbani. Siyo kila ng'ombe analishwa malisho ya mlimani.

#13 Nyuzi_Nane (Siaya)
Mwalimu, King Crimson hawafai katika mfano wako kwa sababu hawakuhama kutoka bluzi. Robert Fripp alikuwa akipiga gitaa katika bendi ya hoteli huko Bournemouth, muziki wa watu kula na kucheza dansi. Bluzi haikuwa nyumbani kwake. Albamu yao ya kwanza ya Oktoba 1969 ukiisikiliza utaona wameiepuka makusudi. Huwezi kuacha nyumba ambayo hukuishi.

JaKondele, si ulisema wewe pia ni mtu wa hoteli?

#14 JaKondele_Besi (Kisumu)
Omera, sikusema hivyo, lakini ni kweli 😅. Wikendi tunapigia watalii na wafanyakazi wa mashirika kando ya ziwa. Basi nina matumaini.

#15 Kijana_wa_Free_Area (Nakuru)
Na Pink Floyd? Wale hawakuwa na uhusiano wowote na bluzi, walikuwa wanafunzi wa usanifu wa majengo na mataa ya rangi tu.

#16 Nyuzi_Nane (Siaya)
Jina lenyewe, kijana wangu. Syd Barrett alilichukua kwa wapiga bluzi wawili wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Walianza kwa kupiga nyimbo za bluzi kama wenzao wote.

Na hawakuacha kabisa. Money, ya 1973, ichambue. Ni bluzi ya mizani 12 iliyogeuzwa kidogo, imewekwa juu ya mapigo 7. Gitaa la solo la David Gilmour linapoingia wanarudi mapigo 4, ili mtu apumue na apige bluzi yake bila kuhesabu. Kwa Floyd bluzi haikuondoka. Iliongezewa vyumba.

#17 Kijana_wa_Free_Area (Nakuru)
Ya mapigo 7 nilikuwa siijui. Nimeihesabu hapa na kijiko. Ni kweli kabisa.

#18 Nyota_ya_Langalanga (Nakuru)
Mapigo 7 mmenikumbusha jambo. Bendi yetu ilikuwa na wimbo wa mapigo 7, nao tuliutengeneza kwa upendo mwingi. Mimi ni mwimbaji. Tukaupeleka klabu moja ya hapa mjini, usiku wa Jumamosi, ukumbi umejaa, watu wamecheza tangu saa nne. Tulipoanza ule wimbo watu wakajaribu, wakakanyagana, wakarudi kwenye meza mmoja mmoja. Mwenye klabu akapanda hadi jukwaani katikati ya wimbo akanong'oneza kwa mpiga dramu: pigeni kitu watu wanakijua. Tuliukata pale pale. Iliniuma sana, na bado inaniuma, kwa sababu ule wimbo ni mzuri.

Kwa hiyo maelezo yangu ni tofauti na yenu yote. Angalieni wasikilizaji. Bluzi ya London ilichezwa vilabuni, watu wamesimama, wanatoka jasho. Baadaye bendi zikaanza kuzunguka vyuo vikuu, na Uingereza ilikuwa imeongeza vyuo vingi miaka ile ya 60. Wanafunzi walikaa sakafuni. Mtu aliyekaa unaweza kumpa mapigo 7, unaweza kumpa dakika 20. Mtu anayecheza huwezi. Muziki ulibadilika siku watu walipoketi.

#19 Mzee_wa_Santuri (Kisumu)
Binti yangu, hiyo ni kweli kubwa. Usiuzike huo wimbo.

#20 Sukuti_Damu (Kakamega)
Dada Nyota, pole kwa usiku ule. Lakini hapo kwenye kucheza siwezi kukubali hata kidogo.

Njoo Isukha au Idakho siku ya harusi au mazishi. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina usemi wake, juu yake pembe ya swala na njuga. UNESCO waliiweka kwenye orodha yao 2014, ile ya vitu vinavyohitaji kulindwa haraka. Ukikaa pembeni na karatasi ukajaribu kuandika ile midundo, utakuta tatu juu ya mbili, utakuta ngoma ndogo inaanza pale ambapo kubwa inamalizia. Ni ngumu kuliko chochote cha Yes. Na nyanya wa miaka 80 anacheza bila kukosea mguu! Watu wako hawakushindwa kwa sababu wamesimama. Walishindwa kwa sababu hayo mapigo 7 hawajalelewa nayo. Wape muda, wape wimbo wenyewe mara nyingi, na wape ngoma inayowaonyesha mguu unakwenda wapi.

#21 Nyota_ya_Langalanga (Nakuru)
Ngoma inayowaonyesha mguu. Hilo nitampelekea mpiga dramu wetu leo leo. Lakini bado nauliza: kama watu wanaosimama wanaweza, mbona hao Waingereza walisubiri wakae?

#22 Rush_Shabiki_254 (Eldoret)
Hodi uzi. Mnaongea kana kwamba progresivu ni ya Waingereza tu. Rush ni watu wa Kanada. Albamu yao ya kwanza, 1974, ni roki nzito ya bluzi, watu walidhani ni Led Zeppelin. Mwaka huo huo mpiga dramu John Rutsey akatoka, akaingia Neil Peart. Mtu wa vitabu, ndiye akawa mwandishi wa maneno. 1975 wakatoa Caress of Steel yenye nyimbo ndefu, haikuuza. Kampuni ikawataka warudi kwenye nyimbo fupi. Wakakataa, wakatoa 2112 upande mzima, na ndiyo iliyowaokoa.

Hapo JaKondele anashinda: mtu mmoja kabadilika, bendi kabadilika. Na Mzee anapigwa: pesa ilikuwa inawavuta upande mwingine.

#23 Mzee_wa_Santuri (Kisumu)
Sijapigwa, mwanangu. 1976 si 1969. Pesa ilikuwa imeshahamia kwingine, na Rush walisimama dhidi yake. Kwanza walifunguliwa mlango, halafu wengine wakakataa kutoka ulipofungwa.

#24 Dada_Migosi (Kisumu)
Na wapo waliohama bluzi wasiende progresivu. Ginger Baker, mpiga dramu wa bendi ya Cream: 1971 alikata Sahara kwa gari hadi Lagos, akarekodi na Fela Kuti wa Nigeria. Yeye alitaka dramu zaidi, akaifuata ilipo.

Kisha mpiga gitaa Gary Moore, ambaye njia yake inapinda kila mahali. Akiwa kijana, Peter Green, mpiga gitaa wa bluzi, alimuuzia gitaa lake la Les Paul. Miaka ya 70 yuko Colosseum II na Hiseman, noti elfu kwa dakika, ugumu mtupu. 1990 anatoka na Still Got the Blues na ndiyo inayomfanya ajulikane zaidi. Huyo mnamweka wapi? Alihama akarudi, na alikuwa mkweli pande zote mbili.

JaKondele, pia usimwonee Abrahams. Alipotoka Tull aliunda Blodwyn Pig, na albamu yao ya 1969 ina saksafoni na jazi kila upande. Mtu wa bluzi peke yake asingefanya hivyo.

#25 JaKondele_Besi (Kisumu)
Basi waligombana juu ya nini?

#26 Dada_Migosi (Kisumu)
Juu ya nani anatunga. Si ndiyo vita vya kila bendi?

#27 Omutibo_Kisa (Butere)
Tuacheni Uingereza kidogo, tafadhali. Mimi ni wa Kisa, kwao George Mukabi. Nilijifunza gitaa kwa baba yangu mdogo, naye kwa wazee waliomwona Mukabi kabla hajafa 1963. Omutibo ni gitaa kavu moja, kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu, na mwenzako anagonga chupa ya soda. Wapigaji wa wakati ule walisikia santuri za Mwenda Jean Bosco kutoka Kongo. Hawakuzinakili. Hapo nasimama na ndugu wa Barabara ya Kericho.

Lakini nimeona kitu kingine. Baba mdogo anaweza kupiga wimbo mmoja nusu saa. Kila akirudi mwanzo, gumba linabadilika kidogo. Hakuna aliyemwekea lebo. Santuri za Kenya zilikuwa ndogo, za kasi ya 45, dakika tatu basi, kwa hiyo huo urefu haukurekodiwa. Fundi anasema LP iliwafanya Waingereza warefushe. Kwetu sahani ndogo ilificha urefu uliokuwepo tayari.

#28 Fundi_Spika (Nakuru)
Hii ndiyo hoja bora ya uzi huu. Na benga ni ushahidi wako. Angalieni 45 za zamani za Kisumu: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Wimbo mmoja umekatwa katikati, na mara nyingi upande B ndio wenye moto, magitaa yanajibizana bila mwimbaji.

#29 Nyuzi_Nane (Siaya)
Hicho ndicho kilele, na kimetoka kwenye nyatiti. Napiga nyatiti, kwa hiyo niruhusuni. Nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ubao wa ala, njuga mguuni, na mdomo unaimba habari za marehemu, ukoo wake, madeni yake, kila kitu. Mtu mmoja anafanya kazi ya bendi nzima, na anaweza kukesha nayo. D.O. Misiani na wenzake walipohamishia haya kwenye gitaa la umeme na besi, walikuwa wanafanya kazi ile ile ya Tull: kuchukua kitu cha zamani na kukitanua kwa vyombo vipya. Shirati Jazz, bendi ya Misiani, ni progresivu kwa haki yake.

Na tusisahau Ayub Ogada. Nyatiti yake ilifika Real World, lebo ya Peter Gabriel, En Mana Kuoyo ya 1993. Gabriel ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Genesis hadi 1975. Mtu aliyetoka kwenye progresivu kubwa kabisa ya Uingereza, alipotafuta kitu kipya, alifika kwenye nyuzi nane. Nikiusikia wimbo wake Kothbiro mwili wote unasisimka hadi leo.

#30 Mwalimu_Kinanda (Nakuru)
Apumzike pema Ayub. Lakini Nyuzi_Nane, tukisema kila kilichotanuliwa ni progresivu, neno litakufa. Tull waliandika. Vipande vilipangwa, vilifanyiwa mazoezi, vikarudiwa noti kwa noti. Kilele cha benga hupanuka kwa wachezaji na usiku wenyewe. Zote mbili ni kazi kubwa, ila ni kazi mbili.

#31 Nyuzi_Nane (Siaya)
Kutoandikwa si kutopangwa, mwalimu. Mimi najua ninakokwenda kabla sijagusa uzi wa kwanza.

#32 Kijana_wa_Free_Area (Nakuru)
Kuna mtu amewahi kuchanganya benga na roki kweli kweli, au ni maneno tu?

#33 Dada_Migosi (Kisumu)
Extra Golden. Wakenya na Wamarekani pamoja. Otieno Jagwasi aliimba na kupiga gitaa kwenye albamu ya kwanza, Ok-Oyot System, iliyotoka 2006 akiwa ameshafariki. Wakaendelea na Opiyo Bilongo, wakatoa Hera Ma Nono 2007. Tafuta leo. Benga haikupunguzwa ili roki iingie, na magitaa ya Wamarekani yanasikika yakijifunza, wimbo kwa wimbo.

#34 JaKondele_Besi (Kisumu)
Nimesikiliza Hera Ma Nono mara mbili mfululizo. Wale watatu wa bendi yetu wataisikia kesho kwenye mazoezi, wapende wasipende. Dada Nyota, kama unaruhusu nitumie rekodi ya ule wimbo wa mapigo 7, hata ya simu. Nataka kuona kama besi ya benga inaweza kuwaonyesha watu mguu, kama Sukuti anavyosema.

#35 Nyota_ya_Langalanga (Nakuru)
Nakutumia usiku huu. Tafadhali usiubadilishe ubeti wa pili.

#36 Rush_Shabiki_254 (Eldoret)
Nirudi kwa swali la Dada Nyota, #21. Hawakusubiri watu wakae. Cream, bendi ya bluzi kabisa, ukisikiliza Wheels of Fire ya 1968, sahani ya jukwaani, Spoonful ya Willie Dixon inapita dakika 16. Urefu ulizaliwa ndani ya bluzi yenyewe, kutoka kwa watu watatu wasiotaka kunyamaza. Waliofuata waliukuta urefu upo, wakaanza tu kuupanga.

#37 Nyota_ya_Langalanga (Nakuru)
Hiyo ya Cream imerekodiwa San Francisco, si kwenye klabu ya London. Na watu wa San Francisco mwaka ule, una hakika walikuwa wamesimama?

#38 Sukuti_Damu (Kakamega)
Wengine walikuwa wamelala kabisa 😂. Lakini Rush_Shabiki ana hoja. Mwalimu, hapo kwenye Cream kanisa liko wapi?

#39 Mwalimu_Kinanda (Nakuru)
Jack Bruce alisomea selo kwenye chuo cha muziki Glasgow. Nipe nimalize kusahihisha madaftari, nitakujibu kwa kirefu.